Majibu ya Mama Docta: Potasiamu imepanda, potasiamu imeshuka

Mwezi huu nimeweka kando barua za vidonda vya tumbo na za malaria. Zimekuja nyingine nyingi kuhusu jambo ambalo wasomaji walilisikia mara ya kwanza wakiwa wamesimama kando ya kitanda, mgonjwa wao amelala, na mtu wa koti jeupe anasema potasiamu, yale madini ya mwilini tunayoyapata kwenye chakula, si nzuri. Ninafanya kazi katika chumba cha dharura hapa Bukavu, na habari hii ninaijali sana, kwa sababu potasiamu humchukua mtu aliyekuwa anaongea na ndugu zake, na mara nyingi kulikuwa na njia ya kumbakiza.

*Mama Docta, jambo sana. Tunakaa Kadutu. Baba yangu ana miaka 68, ana tansiyo (presha ya damu) tangu zamani, na mwaka jana walisema moyo umechoka. Anakunywa enalaprili na spironolaktoni. Magoti yakimuuma ananunua diklofenaki kwenye farmasi ya jirani. Jumapili alishindwa kuinuka kwenye kiti, miguu imekuwa mizito, akasema moyo unaruka. Tulimpeleka hospitali, wakasema potasiamu ni 7.1. Walimpiga kalsiamu kwenye mshipa, kisha wakampa insulini na sukari, na Baba hana kisukari! Tulipouliza, tuliambiwa tu tumkataze ndizi. Amerudi nyumbani, Mungu asifiwe. Je, ni ndizi? Na insulini ilikuwa ya nini? – Binti wa Kadutu*

Binti yangu, pole kwa Jumapili hiyo. Mliona miguu ya mzee imebadilika, hamkungoja Jumatatu. Mlifanya vema sana.

Nianze na ile namba. Potasiamu ya damu kwa mtu mzima mwenye afya hukaa kati ya 3.5 na 5.0, kwa kipimo cha milimoli katika lita. Ikifika 6.5, sisi wa dharura tunaacha mengine na kwenda kwa mgonjwa huyo. Kati ya 5 na 7 mtu anaweza kuona tofauti ndogo tu, lakini kwa moyo ni kubwa mno. Karibu asilimia 98 ya potasiamu yote ya mwili imekaa ndani ya seli, hasa za misuli, na kwenye damu kuna kiasi kidogo sana. Kila seli ina pampu inayotoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, usiku na mchana. Mdenmaki Jens Skou aliieleza mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo. Umeme wa moyo unategemea tofauti hiyo ya ndani na nje. Potasiamu ya nje ikiongezeka, tofauti inapungua, na moyo unaanza kwenda polepole, au unapiga ovyo, au unasimama. Misuli ya miguu nayo inalegea, ndiyo maana Baba alishindwa na kiti.

Ndizi zina potasiamu, ni kweli. Lakini mtu mwenye figo nzima anaweza kula ndizi, avoka, maharage na lengalenga siku moja, na ziada yote ikatoka kwenye mkojo. Figo ndizo zinazotoa karibu sehemu tisa katika kumi za potasiamu tunayokula. Kwa hiyo potasiamu inapopanda, swali langu la kwanza kwa familia huwa ni mkojo: anakojoa? kiasi gani? tangu lini? Swali la pili ni dawa.

Na kwa Baba yako, dawa ndizo ninazozishuku. Enalaprili ni dawa nzuri ya tansiyo na moyo, lakini inafanya figo zibakize potasiamu. Spironolaktoni inafanya hivyo pia, kwa njia yake. Diklofenaki inapunguza damu inayoingia kwenye figo, hivyo figo zinachuja kidogo. Kila moja peke yake wengi wanaivumilia. Zikikutana tatu kwa mzee wa miaka 68, hasa kama aliharisha siku chache au hakunywa maji ya kutosha, potasiamu inapanda bila kupiga hodi. Jambo hili limeonekana hata kwenye nchi zenye maabara kila kona. Mwaka 1999 ulitoka utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba spironolaktoni inarefusha maisha ya wenye moyo uliochoka, na madaktari wakaanza kuiandika kwa wingi. Huko Ontario, Kanada, walipohesabu wazee wa namna hiyo waliolazwa kwa sababu ya potasiamu kupanda, walikuta wametoka 2.4 kwa kila wagonjwa 1,000 mwaka 1994 hadi 11 kwa kila 1,000 mwaka 2001. Dawa ile bado ninaiandika. Ila inadai damu ipimwe, potasiamu pamoja na kreatinini, ile inayoonyesha figo zinavyochuja, ndani ya wiki ya kwanza na tena kila kipimo cha dawa kinapobadilishwa.

Sasa sindano zile. Kalsiamu haishushi potasiamu hata kidogo. Inaukinga moyo, kama mwavuli kwenye mvua ya Bukavu: mvua haikatiki, lakini mtu anafika nyumbani. Inafanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake inakaa nusu saa hadi saa moja, kwa hiyo inatupa muda tu. Muda huo ndio wa insulini. Insulini inazisukuma zile pampu za seli zifanye kazi zaidi, na potasiamu inarudi ndani ya seli ilikotoka. Kawaida ni yuniti 10, pamoja na gramu 25 za glukosi ili sukari ya damu isianguke, maana Baba hana kisukari na insulini peke yake ingemzimisha. Potasiamu huanza kushuka ndani ya nusu saa na dawa hushika kwa saa nne hadi sita. Bila shaka mliona wakimchoma kidole kila mara baada ya hapo. Walikuwa wanaichunga sukari, na walikuwa na haki, kwa sababu inaweza kuanguka hata saa kadhaa baadaye. Wengine wanaongeza salbutamoli ya kuvuta kwa mashine, ile ile ya pumu, kwa kipimo kikubwa kuliko cha pumu. Nayo inaingiza potasiamu ndani ya seli.

Lakini hayo yote yanaihamisha tu. Kuitoa mwilini ni kazi ya mkojo, au ya mashine ya kusafisha damu pale figo zinapokataa. Kwa familia nyingi za huku mashine hiyo iko mbali, na gharama yake inauza shamba. Ndiyo maana ninasema kwa nguvu: mambo ya diklofenaki yaishe. Goti likiuma, parasetamoli, kitambaa cha moto, na mzee aonwe. Dawa za moyo msizikatize wenyewe kwa woga, rudini kwa daktari azipange upya akiwa na kipimo cha damu mkononi. Na mtu yeyote anayekuja dharura aje na dawa zote, ndani ya mfuko mmoja, hata zile za kununua dirishani, hata za miti shamba. Kwenye mfuko kama huo niliwahi kukuta, chini kabisa, kotrimoksazoli, dawa ya kuua vijidudu, ambayo mama mmoja hakuitaja kwa sababu kwake haikuwa dawa, ilikuwa kitu cha kila siku. Nayo hupandisha potasiamu, hasa kwa wazee na kwa wenye figo dhaifu.

Kuhusu ndizi: kama figo za Baba zimepona, ale kwa kiasi. Kama zimebaki dhaifu, apunguze ndizi, avoka, na maharage mengi. Viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi na maji hayo yamwagwe, maana potasiamu inatoka na maji. Mchuzi wa viazi hivyo asiunywe.

*Docta, salamu. Mimi ni mwalimu, nakaa Bagira. Nilienda dharura kwa kichefuchefu na uchovu. Damu ikaonyesha potasiamu 6.3. Walinitia hofu, wakanipima moyo kwa mashine, wakasema uko sawa. Wakatoa damu tena, nikalipa tena, na mara hii ikawa 4.4. Saa mbili tu kati ya kipimo na kipimo! Labo inakosea au inatafuta pesa? – Mwalimu wa Bagira*

Mwalimu, namba zote mbili zinaweza kuwa zilisomwa sawasawa. Chembe nyekundu za damu zimejaa potasiamu. Zikipasuka ndani ya chupa, potasiamu yao inamwagika kwenye majimaji na mashine inaisoma kana kwamba ilikuwa mwilini mwako. Zinapasuka damu ikivutwa kwa nguvu na sindano nyembamba, au chupa ikitikiswa mno. Kamba ya mkononi ikikazwa muda mrefu, na mgonjwa akiambiwa afunge na kufungua ngumi, misuli nayo inatoa potasiamu yake papo hapo. Chupa ikikaa saa nyingi kabla ya kutenganishwa, potasiamu inavuja polepole, na kwenye friji inavuja zaidi, kwa sababu baridi inazilegeza zile pampu nilizozitaja. Hapa kwetu umeme unakatika, mashine inangoja, chupa nazo zinangoja.

Kuna jingine ambalo wanafunzi wangu ninawaonyesha kwa kidole. Chupa yenye kifuniko cha zambarau, ya kuhesabia chembe za damu, ina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo ni chumvi ya potasiamu. Mtu akijaza hiyo kwanza, akaona chupa ya pili imepungukiwa, akamimina kidogo kutoka hii kwenda ile, basi potasiamu inapanda ajabu na kalsiamu inashuka pamoja nayo. Nikiona namba hizo mbili kwenye karatasi moja na mgonjwa ameketi anakunywa chai, ninaenda kuuliza nani alitoa damu.

Walifanya vizuri kukupima moyo kwanza. Potasiamu ikiwa juu kweli, mara nyingi mchoro wa moyo unabadilika: wimbi tunaloliita T linasimama refu na kuchongoka, kisha wimbi dogo la mwanzo linapotea, kisha michoro ya katikati inapanuka. Lakini mchoro mzuri peke yake hautoshi kumtuma mtu nyumbani, maana kuna wenye potasiamu ya 7 na mchoro wao umetulia mpaka dakika moyo unaposimama. Kwa hiyo kurudia damu ilikuwa lazima. Kuhusu malipo, nasema kama ninavyosema kazini: damu ikirudiwa kwa sababu ilipasuka kwenye chupa, mgonjwa asilipishwe. Ni haki, na ikiwa hivyo watoa damu nao wataongeza uangalifu.

*Mama Docta, mdogo wangu wa miaka 19 alipata kipindupindu tulipokuwa Kalehe kwa mazishi. Serumu nyingi zilimwagwa kwenye mshipa, kuharisha kukapungua, tukafurahi. Siku ya pili tumbo likavimba gumu, hatoi hewa, miguu haina nguvu, hata shingo inaanguka. Tulimleta Bukavu, potasiamu 2.3. Infirmier (muuguzi) akatia ampuli kwenye serumu, ikawa inadondoka polepole mno. Nilimwomba amsukumie yote mara moja kwa sindano, akanikatalia kwa ukali. Dada yangu sasa anatembea. Lakini kwa nini alinikatalia, na mtu anakufa? – Dada mkubwa*

Mwanangu, huyo aliyekukatalia alimlinda mdogo wako. Ningependa ukimwona umshukuru.

Ampuli ya potasiamu ya asilimia 10, ile ya mililita 10, ina gramu 1 ya kloridi ya potasiamu, yaani karibu milimoli 13. Inafanana na ampuli nyingine nyingi kwenye sinia, maji ya ampuli hayana rangi, hayana harufu. Ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa, inafika kwenye moyo yote pamoja, na moyo unasimama hapo hapo, hata kwa mgonjwa ambaye potasiamu yake iko chini. Hospitali nyingi duniani zimewapoteza watu namna hiyo, kwa ampuli iliyodhaniwa kuwa maji ya kuchanganyia dawa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilihimiza maji haya makali yaondolewe kwenye meza za wodi na yatunzwe mahali pa peke yake. Sisi tunaifungia kabatini. Kuipunguza ukali kwenye serumu kubwa ndiyo sheria: isizidi milimoli 40 katika lita moja, na isizidi milimoli 10 kwa saa kama mgonjwa hajaunganishwa kwenye mashine ya kuangalia moyo. Na baada ya kuitia, mfuko unageuzwa juu chini mara kadhaa. Potasiamu ni nzito kuliko serumu, isipochanganywa inatulia chini, pale penye mrija, na mgonjwa anapokea nyingi mwanzoni. Nawaomba wauguzi wanaosoma ukurasa huu: msiitie kwenye mfuko unaoning'inia ukiwa tayari unadondoka kwa mgonjwa. Ushusheni, funga mrija, tia, geuza, geuza tena, andika juu ya mfuko jina la dawa na saa.

Na kwa nini ilishuka? Maji ya kipindupindu yanatoka na potasiamu, na kutapika kunaifukuza zaidi kupitia mkojo. Serumu ya chumvi ya kawaida haina potasiamu hata chembe. Ringa laktati inayo kidogo, karibu milimoli 4 hadi 5 kwa lita, nayo ni bora kuliko chumvi tupu, ila haifidii. Halafu damu iliyokuwa na asidi inaporekebishwa, potasiamu iliyobaki inaingia ndani ya seli, na namba inaanguka tena wakati familia inadhani mtu amepona. Misuli ya utumbo inalala, tumbo linavimba. Misuli ya miguu na shingo inalegea. Ikifika ya kupumulia, huyo hana muda.

Ndiyo maana tunasisitiza maji ya kunywa ya pakiti, yale ya chumvi na sukari ya kuharisha, mara tu mgonjwa anapoweza kumeza, hata kama serumu bado iko mkononi. Pakiti ya lita moja ina gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu, sawa na milimoli 20, iliyopimwa kwa ajili hiyo. Watu wa Goma wanakumbuka Julai 1994, kambi za wakimbizi na kipindupindu kilichoondoka na maelfu kwa maelfu ya watu ndani ya wiki chache. Mmoja wa waliofanya kazi kule alinifundisha kazi hii, na kabla hata hajauliza jina la mgonjwa alikuwa anauliza, "Amekunywa vikombe vingapi?" Soda haiwezi kuchukua nafasi ya pakiti. Ina sukari nyingi, potasiamu haina ya maana, na sukari nyingi inaongeza kuharisha. Pakiti zikikosekana, chumvi na sukari vya kupima vizuri kwenye maji yaliyochemshwa vinasaidia kwa maji, lakini potasiamu itafutwe kwenye ndizi iliyopondwa au supu, na mgonjwa aendelee kupelekwa.

Neno la mwisho kwa wenzangu: potasiamu ikikataa kupanda ingawa mnaitia, tafuteni magnesiamu. Ikiwa chini, figo zinaendelea kuimwaga potasiamu nje, na serumu inakuwa kazi bure.

*Docta, kaka yangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu upande wa Mwenga. Udongo ulimfunika mpaka kiunoni, akakaa hivyo tangu alfajiri hadi saa nane mchana. Alikuwa anaongea nasi, alituomba maji, alituambia tusilie. Tulipoinua jiwe la mwisho na kumvuta, tulishangilia. Hazikupita dakika ishirini, macho yakageuka, akafa. Hakuwa na jeraha kubwa. Wengine wanasema ni uchawi, wengine wanasema tulimvuta vibaya. Silali. – Mdogo wake*

Mdogo wangu, nimeisoma barua yako mara nyingi. Hamkumvuta vibaya, na hakuna mtu aliyemroga. Nitakueleza kilichotokea kwa jinsi tunavyokifahamu.

Karibu robo tatu ya potasiamu ya mwili wetu imo ndani ya misuli. Miguu ya kaka yako ilibanwa saa nyingi, damu haiingii wala haitoki, na misuli ikaanza kufa ikiwa bado amebanwa. Seli zinapokufa zinaachia kila kilichokuwamo: potasiamu, asidi, na rangi nyekundu ya misuli ambayo inaziba figo. Wakati udongo umekaza, vitu hivyo vimefungiwa kule kule miguuni, na mtu anaweza kuongea, kuomba maji, hata kuwafariji wenzake. Mzigo unapoondolewa, damu inarudi, inavichukua vyote kwa pamoja na kuvipeleka kwenye moyo. Maji ya mwili nayo yanakimbilia kwenye misuli iliyovimba, presha inaanguka. Madaktari wawili wa London, Bywaters na Beall, waliandika mwaka 1941 habari za majeruhi wanne waliofukuliwa kwenye nyumba zilizobomolewa na mabomu: walitolewa hai, walionekana kupata nafuu, kisha figo zikafa na wao wakafa. Tangu hapo kila tetemeko na kila maporomoko yanatuonyesha jambo hilo hilo. Sisi wa Bukavu, tuliotikiswa Februari 2008 na tunaojenga kwenye miteremko, linatuhusu kama linavyowahusu wachimbaji.

Kinachoweza kufanywa, na ninaomba kifike kwa kila mkuu wa shimo: mtu akiwa amebanwa sehemu kubwa ya mwili kwa zaidi ya saa moja, tumeni mtu kwa pikipiki kwenye kituo cha afya kabla ya kumtoa, aje muuguzi na serumu ya chumvi ya kawaida. Mshipa ufunguliwe mkononi wakati mtu bado amebanwa, na kwa mtu mzima serumu iende karibu lita moja kwa saa. Ringa laktati iachwe siku hiyo, kwa sababu ina potasiamu. Akitolewa, alale, asitembezwe hata akisema anaweza, na apelekwe hospitali hata kama anacheka. Njiani muangalie mkojo: ukitoka mwekundu uliokolea au mweusi, mwambieni hivyo daktari mlangoni kabla ya kitu kingine. Pale dharura tutampima moyo mara moja na kumpa kalsiamu bila kungoja karatasi ya labo, kwa sababu kwa mgonjwa wa namna hiyo mchoro uliochongoka unatosha kutuanzisha.

Lakini kama shimo bado linaporomoka, mtoeni. Mtu hawezi kungoja serumu chini ya udongo unaoendelea kuanguka, na ninyi hamkuwa na muuguzi wala serumu. Mlikuwa na mikono yenu, mkaitumia saa zote hizo. Alikufa akiwa na ndugu zake, baada ya kuwasikia wakimshangilia.

*Mama Docta, nina mimba ya miezi sita. Nakula udongo mweupe wa sokoni, vipande vingi kwa siku, siwezi kuacha. Siku hizi miguu imelegea, ngazi za nyumbani zinanishinda. Ni mimba? – Mama mtarajiwa, Panzi*

Dada yangu, ngazi zinazomshinda mwanamke kijana si za kungoja. Udongo unashika potasiamu ndani ya utumbo na kutoka nayo, vilevile unashika chuma, na upungufu wa damu ndio mara nyingi unaoleta hamu hiyo ya udongo. Nenda kliniki wiki hii, si siku ya miadi. Omba wapime damu na potasiamu, na uwaambie udongo unakula kiasi gani bila kuona haya. Wengi wanaokuja kwangu wanaficha, nami napoteza muda kutafuta ugonjwa ambao haupo. Vidonge vya chuma vikianza kufanya kazi, hamu mara nyingi inapungua yenyewe. Ukiona kupumua kunakuwa kugumu au moyo unaruka, usingoje asubuhi.

*Docta, mimi nina tansiyo. Mwanangu aliyeko ng'ambo amenitumia chumvi ya wagonjwa wa presha. Na mke wangu anapikia maharage na sombe maji ya majivu ya maganda ya ndizi, kama mama zetu. Je, vyote ni salama? – Papa wa Nguba*

Papa, mwanao alikuwa na nia njema, na kwa watu wengi yuko sahihi. Chumvi hizo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu. Nchini Uchina walijaribu kwenye vijiji 600 chumvi yenye robo moja ya kloridi ya potasiamu, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kiharusi kimepungua. Ila wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa kwenye jaribio hilo, na hapo ndipo swali lako lilipo. Majivu ya mimea nayo yamejaa potasiamu, ya maganda ya ndizi hasa. Kwa figo nzima, sufuria ya maharage ya mama watoto haina neno. Kwa figo zilizochoka, chumvi ile na maji ya majivu pamoja, juu ya enalaprili au dawa ya jamaa yake, ni hatari.

Tansiyo ya miaka mingi inakula figo kimyakimya, kwa hiyo usikisie. Geuza pakiti ya chumvi usome nyuma kama imeandikwa kloridi ya potasiamu. Iweke kabatini bila kuifungua, nenda ukapime kreatinini na potasiamu, na uende na orodha ya dawa zako. Kreatinini ikiwa nzuri, ifungue na uendelee na maharage yako. Ikiwa imepanda, mpe jirani mwenye figo nzima, na mama apikie maji ya kawaida.